Injini ya Dizeli ya Zamani Inapovuja Oili: Kutafuta Chanzo Katika Hilux na Hiace za 2L, 3L na 5L

Tone la oili lililo chini ya gari huonyesha mahali oili ilipoanguka tu. Mahali ilipotokea ni habari nyingine, kwa kuwa oili inayotoka juu ya injini hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo wa feni na wa barabarani huisukuma kuelekea nyuma, hata uvujaji ulioanzia juu kabisa ya injini ukaonekana chini, kwenye maungio ya injini na giaboksi. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi wamelipia giaboksi kushushwa na sili ya nyuma (mpira unaozuia oili kutoka pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma) kubadilishwa, kisha gari likaendelea kudondosha palepale.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za Toyota za jamii ya L, yaani 2L yenye sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986, zilizofungwa katika Hilux nyingi za zamani na katika Hiace zilizobeba abiria wa daladala na matatu kwa miaka mingi. Ni injini za silinda nne zenye kamshafti moja juu, yaani mhimili unaofungua vali, na kamshafti hiyo pamoja na pampu ya nozeli, inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda, huendeshwa na mkanda wa taimingi. Mwenye injini nyingine ya dizeli ya rika hilo atanufaika pia, ingawa baadhi ya vipande vimekaa mahali tofauti.

Kwanza uhakikishe kwamba ni oili ya injini

Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "gari linavuja mafuta," na neno hilo moja hubeba dizeli, oili ya injini, oili ya giaboksi na hata mafuta ya usukani. Fundi anayeambiwa hivyo hana budi kuanza kwa kubahatisha. Weka kipande cha boksi safi chini ya gari usiku, ukiweke alama inayoonyesha upande wa mbele, na asubuhi ulichunguze doa kwa macho, kwa vidole na kwa pua.

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu ya masizi, na huteleza vidoleni. Dizeli ni nyepesi zaidi, husambaa haraka kwenye boksi na kuacha doa pana lenye kingo hafifu, na harufu yake haifichiki. Mafuta ya usukani wa pawa katika magari haya, na ya giaboksi ya otomatiki, huwa mekundu yakiwa mapya na hudhurungi yakizeeka. Oili ya giaboksi ya kawaida na ya difu ni nzito na ina harufu kali ya salfa ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Maji ya rejeta yenye dawa huwa na rangi ya kijani au nyekundu na hayana utelezi wa oili.

Mkanganyiko mmoja hutokea mara kwa mara kwenye injini za L. Pampu ya nozeli iliyo mbele kando ya injini hulainishwa na dizeli yenyewe, haitumii oili ya injini. Sili ya shafti yake ikichakaa, dizeli huingia ndani ya kifuniko cha mkanda wa taimingi, huosha uchafu mweusi uliomo humo na kutokea chini ikiwa nyeusi kama oili. Chovya kidole na unuse kabla ya kuagiza sili yoyote ya mbele. Katika injini ambazo pampu hiyo huendeshwa kwa gia zilizo ndani ya injini, sili hiyohiyo ikifa dizeli huingia kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, na dalili yake ni kiwango cha oili kupanda badala ya kushuka. Oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza uwezo wa kulainisha, hivyo gari la namna hiyo lisiendeshwe.

Kiasi gani kinavuja

Matone 20 ya oili hukaribia mililita 1. Gari linalodondosha tone moja kila sekunde 10 kwa usiku mzima wa saa 8 litakuwa limetoa matone 2,880, yaani kama mililita 144, na kwa usiku 7 hiyo ni lita nzima. Kwa kawaida udondokaji hupungua injini inapopoa, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba uvujaji unaoitwa mdogo unaweza kumaliza pengo lote lililo kati ya alama ya juu na ya chini ya kijiti cha oili, ambalo kwa injini nyingi za ukubwa huu ni takribani lita 1.

Pima oili kila asubuhi kwa wiki moja, gari likiwa mahali pamoja palipo sawa, kabla ya kuwasha injini, na uandike. Kiwango kikishuka ilhali boksi ni safi na bomba la eksozi linatoa moshi wa buluu, injini inakula oili, na hilo ni tatizo la ringi, vali au sili za vali ambalo halimo katika makala haya. Kama injini inatoa jasho tu, yaani pana unyevu wenye vumbi lakini hapana tone, gari linaweza kuendelea kufanya kazi huku likiangaliwa. Taa ya presha ya oili ikiwaka njiani, zima injini mara moja.

Usijaribu kufidia uvujaji kwa kujaza oili kupita alama ya juu. Krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ukifikia oili huichapa ikawa povu na mvuke, na mvuke huo hupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli ikivuta oili ya kutosha kwa njia hiyo inaweza kuongeza kasi yenyewe na kukataa kuzimika hata ufunguo ukitolewa. Hapo huzimwa kwa kuziba mdomo wa hewa kwa kitu bapa na kigumu, kamwe si kwa mkono, au, kwa gari la gia za mkono, kwa kukanyaga breki kwa nguvu katika gia ya juu na kuachia klachi.

Kuosha ndiyo nusu ya uchunguzi

Injini iliyofunikwa na ukoko wa vumbi na oili ya miaka kumi haiwezi kusomwa. Hata hivyo usianze kuosha kabla ya kuutazama ukoko huo kwa tochi, kwa sababu una habari zake. Penye uvujaji wa zamani uliokoma vumbi limegandamana na kukauka. Penye uvujaji wa sasa kuna mstari unaong'aa, uliooshwa na oili mpya. Gari lililopita barabara ya udongo mwekundu huonyesha mistari hiyo waziwazi kuliko gari la lami.

Injini ipoe. Funika alteneta na mdomo wa hewa kwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pakaa mafuta ya taa au dizeli kwa brashi, sugua, kisha osha kwa maji ya sabuni na uache ikauke kabisa. Petroli isitumike, mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo ya waya wa betri. Ukihitaji kuingia chini ya gari, liweke juu ya stendi imara na uzuie kwa kabari magurudumu yaliyobaki chini, kwa kuwa jeki peke yake imewaua mafundi wengi.

Baada ya kukausha, pulizia au paka kwa brashi laini poda ya mtoto kwenye sehemu unazozishuku. Oili mpya huchora njia nyeusi juu ya weupe huo. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya kwenye oili, inayong'aa chini ya tochi ya mwanga wa urujuani, lakini kwenye oili nyeusi ya dizeli huhitaji giza la kweli na subira, na kwa gari la kazi mimi huona poda inatosha.

Sasa zingatia wakati, kwa maana wakati ambao oili inajitokeza hupunguza sana idadi ya washukiwa. Washa injini iache silensa, yaani izunguke polepole bila kukanyagiwa mafuta, kwa dakika 10 hadi 15 huku ukitazama kwa tochi na kioo kidogo, mikono, nywele na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda. Oili inayotoka papo hapo, hasa injini ikiwa bado baridi, hutoka penye presha: filta, swichi ya presha ya oili, bomba la oili linalokwenda kwenye pampu ya vakyumu ya breki iliyo nyuma ya alteneta, au kipoza oili. Oili isiyoonekana hadi gari liendeshwe kilomita 10 au 15 hutoka mahali ambapo inarushwa tu bila presha, yaani sili za shafti na gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa ya injini. Na tone linaloendelea polepole usiku kucha, injini ikiwa imezimwa, huelekeza kwenye sampo na bolti ya kumwagia oili, ambako oili imelala muda wote. Mabaki yaliyokusanyika juu ya mabano na kingo nayo hudondoka usiku, ndiyo maana kuosha lazima kutangulie.

Tafuta mahali palipolowa palipo juu kuliko pote, na penye kulowa pawili kwa urefu ulio sawa, pale palipo mbele zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla ya kugusa sili yoyote, pima jinsi injini inavyopumua

Nadhani hakuna hatua inayorukwa na kugharimu wenye magari kama hii. Dizeli hizi hubana hewa zaidi ya mara 20, na hata injini nzima hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni kuingia kwenye tumbo la injini. Gesi hiyo hutolewa kwa mpira unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa. Ikizidi, au njia yake ikiziba, shinikizo hupanda ndani na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu. Gari linalovuja mahali patatu au panne kwa wakati mmoja lichukuliwe kwamba lina tatizo la kupumua hadi ithibitike vinginevyo. Ukibadilisha sili ya mbele katika hali hiyo, oili itatoka kwa ya nyuma.

Vua mpira wa kupumulia, utazame kwa ndani, upulize kwa mdomo. Mara nyingi umejaa utando mzito mweusi, au umekunjika, au fundi wa zamani aliweka mpira laini ambao hujibana ukipata joto. Safisha pia mdomo wake kwenye tapeti kava. Kisha, injini ikiwa na joto na ikiwa silensa, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiache kimekaa kichwa chini juu ya tundu. Kutikisika kidogo na mvuke hafifu ni kawaida kwa dizeli. Kifuniko kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mipigo inayofuatana na mlio wa injini, ringi au silinda zimechoka, na kipimo cha kompresheni kwa kila silinda ndicho kitakachoamua. Kipimo hicho kiwe na geji ya dizeli. Ile ya petroli haimudu presha yake.

Kuna chanzo kingine cha shinikizo ambacho hakikumbukwi. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki katika injini za L imefungwa nyuma ya alteneta, hulainishwa na oili ya injini, na hewa yote inayoivuta huitoa kwenye tumbo la injini pamoja na oili inayorudi. Mpira wa vakyumu ukipasuka, au buta ya breki (kifaa kinachotumia vakyumu kulainisha kanyagio) ikiwa na tundu, pampu huvuta hewa bila kikomo na kuijaza injini. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamezuiwa kwa kabari, vua mpira huo penye pampu, ziba mdomo wa pampu kwa kizibo imara, kisha rudia jaribio la kifuniko. Upumuaji ukitulia, tatizo liko kwenye mfumo wa breki na ringi hazina hatia. Rudisha mpira kabla gari halijasogea hata hatua moja, maana bila vakyumu kanyagio la breki huwa gumu kama jiwe.

Harufu ya kuungua na moshi chini ya boneti

Oili inayodondokea manifodi ya eksozi, ile sehemu ya moto inayopokea moshi kutoka kwenye silinda, hutoa harufu kali inayoingia ndani ya gari hasa linaposimama kwenye foleni. Mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya tapeti kava. Mpira wake hukakamaa kwa joto. Ukiubonyeza kwa ukucha na ukucha usizame, umekwisha. Angalia pia washa za mpira zilizo chini ya nati za kava, na kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi kinachoziba ukingo wa silinda hedi kama injini yako inacho, kwani kipande hicho huhitaji silikoni kidogo na wengi hukirudisha kikavu.

Kosa la kawaida ni kukaza nati zaidi kila oili inapoonekana. Kava la bati hupinda kati ya nati na nati, na gasketi mpya haitaweza kuziba pengo hilo. Liweke juu ya kioo au rula iliyonyooka kabla ya kulirudisha, uligonge taratibu lilingane, ndipo ulifunge kwa nguvu ndogo, ukianzia katikati.

Ikiwa unyevu unaanzia chini ya tapeti kava, kwenye mstari ambapo silinda hedi hukutana na bloku, huenda ni gasketi ya silinda hedi inayotoa oili nje. Hiyo ni kazi kubwa, na kwa uvujaji wa jasho tu, bila maji kuchanganyika na oili wala injini kupata joto, mimi ningesubiri huku nikiangalia.

Oili mbele, chini ya kifuniko cha mkanda wa taimingi

Hapa pasiwe na kuahirisha. Sili ya kamshafti iko juu, sili ya mbele ya krankshafti iko chini, na mkanda wa taimingi upo kati yake. Mkanda wa mpira ukilowa oili au dizeli huvimba na kulainika, meno yake hung'oka, na katika injini hizi mkanda ukiruka pistoni hukutana na vali. Gharama ya sili mbili na mkanda ni ndogo mno kulinganisha na ya silinda hedi.

Fungua kifuniko. Unyevu ukianza nyuma ya puli ya kamshafti na kushuka, ni sili ya juu. Nyuma ya puli ya kamshafti pakiwa pakavu na chini pamelowa, ni sili ya krankshafti au maungio ya oili pampu iliyoishikilia. Kwa vile kazi ya kufungua ni ileile, badilisha sili zote mbili na mkanda, hata kama mkanda haujafikisha kilomita 100,000 ambapo taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka. Mkanda ulioloa oili usioshwe na kurudishwa; kilicholainika ndani hakionekani kwa macho.

Sili iliyokaa miaka mingi huchimba mfereji mwembamba kwenye shafti, na sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule itavuja baada ya wiki chache, hata ikiwa spea halisi. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama, ingiza sili mpya ikae milimita moja au mbili nje ya njia ya zamani kama nafasi ipo, au utumie bushi nyembamba ya kufunika mfereji. Paka oili kwenye mdomo wa sili, upande wenye springi uelekee ndani penye oili, na usukume kwa usawa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake. Bisibisi na nyundo huiharibu kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Alteneta iliyolowa, au taa ya chaji kuwaka

Oili nyuma ya alteneta hutoka kwenye pampu ya vakyumu niliyoitaja: ama kwenye washa za shaba za bomba linaloleta oili, ama kwenye mpira wa kurudishia oili uliokakamaa, ama kwenye oringi kati ya pampu na alteneta. Hayo matatu huonekana kwa macho na ni rahisi. La nne limejificha. Sili ya shafti kati ya pampu na alteneta ikifa, oili huingia ndani ya alteneta, hulowesha kaboni na koili, na dalili ya kwanza huwa taa ya chaji au betri kulala. Mafundi wa umeme hubadilisha kaboni, gari hurudi baada ya mwezi na tatizo lilelile. Tazama matundu ya upepo ya alteneta. Yakitoa oili, sili ibadilishwe kabla ya kaboni mpya kufungwa.

Upande wa filta

Kwenye filta kuna makosa machache na yote ni ya kibinadamu. Lililo baya kuliko yote ni filta mpya kufungwa juu ya mpira wa filta ya zamani uliobaki umeganda kwenye bloku: mipira miwili huteleza na oili inaweza kutoka kwa wingi ndani ya dakika chache. Kama uvujaji ulianza siku ileile uliyobadilisha oili, anza hapo, kisha bolti ya kumwagia.

Swichi ya presha ya oili huvuja kupitia mwili wake, na ushahidi ni oili ndani ya soketi ya waya. Vuta soketi uione. Ni spea ya bei ndogo, na nimeona ikisingiziwa kuwa kipoza oili. Kipoza chenyewe, kama kipo, hukutanisha oili na maji. Kikipasuka kwa ndani utaona utando wa oili kwenye rejeta au uji wa rangi ya maziwa kwenye kifuniko cha oili, na injini isiendelee kuwashwa.

Sampo na bolti yake

Bolti ya kumwagia hudondosha kwa sababu ya washa iliyotumika mara nyingi au meno yaliyokwisha. Washa mpya ndiyo tiba. Kuongeza nguvu ya kukaza humalizia meno yaliyobaki. Sampo yenyewe hupigwa na mawe, na kwa magari ya pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa na Zanzibar, chumvi hula bati chini ya rangi hadi kufanya vitundu vidogo kama vya sindano. Kwangua rangi iliyovimba uone kilicho chini yake.

Toyota hizi hutumia silikoni kati ya sampo na bloku. Nyuso zote mbili ziwe kavu bila chembe ya oili, mstari uwe mwembamba na usiokatika, na ipewe muda wa kukauka ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili. Silikoni nyingi haizibi zaidi. Inayobanwa kuingia ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili pampu, na hapo injini hufa kwa kukosa oili huku sampo imejaa.

Kulowa kati ya injini na giaboksi

Nilikuwa na Hilux ya 3L iliyodondosha hapo. Gereji moja ilishusha giaboksi na kubadilisha sili ya nyuma, na baada ya wiki mbili doa likarudi. Ikashushwa tena, kwa maelezo kwamba sili ya kwanza ilikuwa feki. Doa likarudi. Nilipoosha injini mwenyewe na kupaka poda, mstari mweusi ulianza kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, ukashuka nyuma ya bloku pasipoonekana na mtu aliyesimama mbele ya gari, ukaishia juu ya nyumba ya klachi. Gasketi moja ilimaliza kazi. Fedha zilizokwenda kwenye giaboksi zilikuwa ada ya shule ya watoto, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu namna hii.

Kabla ya kukubali giaboksi ishushwe, fanya mambo mawili. Pitisha mkono au kioo nyuma ya silinda hedi. Pakiwa pamelowa, anzia juu. Kisha chungulia kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, au ingiza waya wenye kitambaa cheupe. Ndani pakiwa pakavu na nje pamelowa, sili ya nyuma haihusiki. Ndani pakiwa na oili nyeusi isiyo na harufu ya salfa, iliyorushwa kwa duara nyuma ya flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini), na labda klachi imeanza kuteleza mlimani, hapo sili ya nyuma imekiri. Oili yenye harufu ya salfa upande wa beringi ya klachi ni ya giaboksi, na dawa yake ni sili ya shafti inayoingia kwenye giaboksi.

Giaboksi ikishushwa kwa haki, kagua pia kibebeo cha sili kilichofungwa nyuma ya bloku, kwa sababu mara nyingine sili ni nzima na kinachovuja ni maungio ya kibebeo hicho. Sahani ya klachi iliyolowa oili haisafishiki ikarudi kama ilivyokuwa, kwa hiyo bajeti iihesabu.

Dawa za chupa zinazoahidi kuzuia uvujaji hulainisha na kuvimbisha mpira wa sili iliyokakamaa. Huweza kupunguza jasho kwa muda, lakini hazizibi gasketi iliyokatika wala shafti yenye mfereji, nami sizipendekezi kwa injini ambayo chanzo chake hakijajulikana.

Baada ya matengenezo

Osha injini tena, hata kama unaona ni safi, kwa maana oili iliyomwagika wakati wa kazi itakudanganya. Kagua baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500. Angalia na maunti za injini, vile vishikio vya mpira vinavyoibeba: mpira uliolowa oili kwa muda mrefu huvimba na kulegea, na mtikisiko wa silensa unaobaki baada ya uvujaji kwisha mara nyingi hutokana nazo. Weka boksi jipya usiku tatu mfululizo, likiwa na alama ileile ya upande wa mbele. Likitokea doa mahali tofauti na pa kwanza, huo ni uvujaji mwingine uliokuwa umefunikwa na ule mkubwa, nao utafutwe kuanzia juu na mbele kama wa kwanza.